Piramidi za Fedha na Uchumi Unaogeuka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila piramidi inapoanguka, maswali yanayofuata huwa ni yale yale. Yamekusanywa hapa kwa mafungu, kuanzia ya msingi hadi yenye utata. Ambaye mahesabu anayajua tayari na anataka kuelewa kwa nini mambo haya huja kwa misimu, aanzie swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Piramidi ya fedha ni nini hasa?

Ni mpango unaomlipa aliyetangulia kwa fedha za anayefuata, huku kila mmoja akiaminishwa kuwa analipwa faida ya biashara. Biashara yenyewe ama haipo kabisa, ama ipo lakini kinachozalishwa ni kidogo mno kikilinganishwa na kinacholipwa. Riba kubwa peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu zipo biashara halali zinazopata faida kubwa kwa muda fulani. Cha kuangalia ni chanzo cha malipo: waingiaji wapya wakikoma leo, je, malipo ya kesho yatatoka wapi?

2. Mpango wa Ponzi na piramidi ni kitu kimoja?

Ni ndugu wa karibu. Katika mpango wa Ponzi mwekaji hana kazi: anatoa fedha, anasubiri, na mtu aliye katikati anadai kuziwekeza. Katika piramidi halisi kila anayeingia anatakiwa kuleta wengine, na kipato chake kinahesabiwa kwa vichwa alivyovileta. Ukurasa huu unaita zote piramidi, isipokuwa pale tofauti inapohusika (swali la 13).

3. Kwa nini lazima ianguke? Zipo zilizolipa miaka mingi.

Chukua ahadi ya kuzidisha fedha mara mbili kila siku 90. Mwaka ukiisha, deni limekuwa mara 16 ya fedha zilizoingia. Miaka 5 ikiisha, limepita mara 1,000,000. Hakuna mgodi, shamba wala kiwanda duniani kinachokua hivyo. Kwa upande wa vichwa hali ni hiyo hiyo: kila mmoja akitakiwa kuleta watu 6, ngazi ya 13 peke yake itahitaji watu zaidi ya bilioni 13, na wanadamu wote hawafiki idadi hiyo.

Ila piramidi haisubiri watu waishe. Inatosha kasi ya kuingia ipungue kidogo, kwa kuwa deni la ndani linakua muda wote. Zile zinazodumu miaka mingi huwa zimefanya jambo moja kwa ustadi: kuahidi kidogo, na kuwashawishi watu waache "faida" yao ndani. Faida isiyochukuliwa haimgharimu tapeli chochote zaidi ya wino.

4. Si tamaa ya watu tu? Kwa nini tutafute sababu za mbali?

Hili ndilo jibu linalotolewa haraka kuliko yote, na linaeleza machache. Tamaa ipo kila mahali na kila zama. Piramidi zenyewe huja kwa mawimbi: Munich mwanzoni mwa miaka ya 1870, Boston mwaka 1920, Ulaya Mashariki katika miaka ya 1990, kusini mwa Colombia mwaka 2008. Kisichobadilika hakiwezi kueleza kinachobadilika. Ukitaka kujua kwa nini wimbi lilipiga pale na wakati ule, itabidi uangalie nani alikuwa na fedha mpya mkononi, benki zilimtendeaje, na kitu gani kilikuwa kimetoka kuvunjika.

Lawama ya tamaa ina wapenzi wake, hasa miongoni mwa waliokuwa na wajibu wa kusimamia. Mwathirika akiwa ndiye mkosaji, msimamizi hana la kujibu.

## Mazingira yanayozaa piramidi

5. Ni mazingira gani ya kiuchumi huifanya piramidi ishamiri?

Yapo kadhaa, na hayana uzito sawa. Lililo zito kuliko yote ni kupotea kwa kipimo cha kawaida. Uchumi ukiwa umetulia, kila mtu ana makadirio kichwani, hata asiyejua hesabu: mshahara hupanda kiasi gani, ardhi hutoa kiasi gani, akiba huzaa kiasi gani. Anayekuja na ahadi iliyovuka makadirio hayo huchekwa. Vita vikipita, sarafu ikiporomoka au mfumo mzima wa umiliki ukibadilishwa, makadirio hayo hufutika. Aliyekuwa karani jana, leo ana kiwanda, na hakuna awezaye kueleza imekuwaje. Hapo anayeahidi maradufu kwa miezi mitatu haonekani mwendawazimu tena. Anaonekana kama mtu aliyeuelewa mchezo mpya mapema kuliko wenzake.

Juu ya hilo huja fedha taslimu mikononi mwa watu ambao zamani hawakuwa nazo, benki zisizowataka watu hao, na sheria ambazo bado hazijaandikwa. Adele Spitzeder, mwigizaji wa maigizo wa Munich asiye na ujuzi wowote wa benki, alianza mwaka 1869 kupokea amana kwa ahadi ya asilimia 10 kwa mwezi. Waliompelekea fedha walikuwa vibarua, watumishi wa majumbani na wakulima wa upande wa Dachau, hadi kampuni yake ikapata jina la Benki ya Dachau. Benki rasmi za wakati huo zilihudumia wenye mali. Spitzeder aliwapokea wote, mpaka Novemba 1872 aliposhindwa kulipa na kukamatwa.

6. Mfumuko wa bei unahusika vipi?

Kwa njia mbili, na ya pili mara nyingi husahaulika. Ya kwanza ni kwamba unaua akiba na kumfundisha mtu kuwa kuweka fedha ni kuzipoteza. Urusi iliachia bei zake Januari 1992, na kabla mwaka haujaisha zilikuwa zimepanda takribani mara 26. Akiba za maisha zilizokuwa katika benki ya serikali ziliyeyuka. Kwa watu hao, "asilimia 30 kwa mwezi" haikuwa ahadi ya ajabu. Ilikuwa karibu na hali waliyokuwa wakiiona sokoni.

Ya pili ni kwamba mfumuko unaposhuka, kumbukumbu hubaki. Mtu bado anaona riba ya asilimia 8 au 10 kwa mwezi kuwa ya kawaida, wakati sasa bei zimetulia na riba hiyo ni mzigo usiobebeka. Albania ilinaswa namna hiyo: mwaka 1995 mfumuko ulikuwa umeshuka chini ya asilimia 10 kwa mwaka, lakini kampuni za amana ziliendelea kulipa kwa mwezi mmoja kile ambacho biashara ya kawaida ingehangaika kukipata mwaka mzima.

7. Benki nazo zina mchango?

Mkubwa. Benki ikiwa mbali, ikidai makaratasi ambayo mtu hana au ikimlipa riba isiyofikia kupanda kwa bei, inakuwa imemsukuma nje. Kusini mwa Colombia, katika jimbo la Putumayo ambako fedha za zao la koka zilizunguka na matawi ya benki yalikuwa machache, kampuni ya DMG ya David Murcia Guzmán ilikusanya watu kwa kadi za malipo ya kabla zilizoahidi marejesho makubwa. Serikali ilipoifunga, Novemba 2008, ililazimika kutangaza hali ya hatari ya kijamii, na waliokasirika wengi waliikasirikia serikali na mabenki, wala si DMG. Hasira hiyo ilikuwa na historia ndefu kuliko DMG yenyewe.

## Historia: nani, wapi, kwa nini wakati ule

8. Ponzi mwenyewe alikuwa nani, na kwa nini Boston mwaka 1920?

Charles Ponzi alikuwa mhamiaji kutoka Italia. Aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, wakati benki zililipa kama asilimia 5 kwa mwaka. Kinachostahili kutazamwa ni hadithi aliyoitumia, kwa sababu ilikuwa na chembe ya ukweli iliyotokana na vita. Bei ya kuponi za posta za kimataifa, yaani karatasi ambazo mpokeaji wa barua hubadilisha na stempu za kujibia, ilikuwa imepangwa kwa mkataba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita lira ya Italia ikaporomoka, na bei ya kuponi ikabaki pale pale. Kwenye karatasi, aliyenunua kuponi Italia na kuzikomboa Marekani alipata faida. Mchambuzi Clarence Barron alipopiga hesabu alikuta kwamba ili madai ya Ponzi yawe kweli zingehitajika kuponi milioni 160, na zilizokuwa katika mzunguko zilikuwa kama 27,000.

Vita vilifanya jambo jingine pia. Serikali ya Marekani ilikuwa imewauzia raia wake hatifungani za vita, na mamilioni ya watu wa kipato cha kawaida wakamiliki kwa mara ya kwanza karatasi inayozaa riba. Walijifunza kwamba karatasi huzaa. Hawakuwa wamefundishwa kupima karatasi ipi.

9. Kwa nini Ulaya Mashariki iliathirika mno miaka ya 1990?

Kwa sababu masharti yote ya swali la 5 yalitimia kwa mpigo. Viwanda vya umma viligawanywa, raia wa Urusi wakapewa vocha za ubinafsishaji (karatasi za kubadilisha na hisa za viwanda hivyo) ambazo wengi hawakujua wazifanyie nini, na wachache wakatajirika haraka kwa njia zisizoonekana. Kulikuwa na jambo la fikra pia. Kwa miongo kadhaa watu walifundishwa kuwa ubepari ni fedha kuzaa fedha bila kazi. Basi ubepari ulipofika, na mtu akawaonyesha fedha zikizaa bila kazi, kwa nini washangae? Ndivyo walivyoambiwa.

Nchini Romania, Ioan Stoica alianzisha Caritas mwaka 1992 na kuhamia Cluj, akiahidi kurudisha mara nane ya fedha baada ya takribani miezi mitatu. Meya wa mji, Gheorghe Funar, alimuunga mkono na kumpa nafasi katika jengo la halmashauri. Gazeti lilichapisha orodha za waliofikiwa zamu ya kulipwa, na watu walisafiri hadi Cluj kutoka kila pembe ya nchi. Mtu anayepokelewa fedha zake ndani ya jengo la umma ana haki kiasi gani ya kuambiwa kwamba angepaswa kushuku? Hadi mwaka 1994 ilikuwa imekwisha.

Urusi ilikuwa na MMM ya Sergei Mavrodi. Kuanzia Februari 1994 aliuza hisa ambazo bei yake aliipanga na kuitangaza mwenyewe, nayo ikapanda zaidi ya mara 100 ndani ya miezi sita kabla ya kuporomoka mwishoni mwa Julai. Matangazo ya televisheni hayakumwonyesha tajiri. Yalimwonyesha Lyonya Golubkov, mhusika wa kubuni, fundi wa mtambo wa kuchimbua ambaye hatimaye ameona zamu yake imefika. Utapeli mwingi huuza ndoto ya utajiri; huu uliuza fidia.

10. Albania ilifikaje mahali pa kukaribia vita?

Kwa ukubwa wa hesabu, hakuna mfano unaoifikia. Katika nchi yenye watu kama milioni 3, takribani theluthi mbili waliweka fedha zao katika kampuni za piramidi. Madeni ya kampuni hizo yalifika kama dola bilioni 1.2, karibu nusu ya pato la taifa.

Albania ilitoka katika mfumo uliofungwa kuliko karibu wowote Ulaya. Benki za serikali zilibeba mikopo isiyolipika na hazikuweza kuwahudumia wafanyabiashara wapya, kwa hiyo likazuka soko la mikopo lisilo rasmi ambalo wakubwa waliliona kuwa lenye manufaa. Fedha zilimiminika kutoka kwa Waalbania waliokuwa wakifanya kazi Italia na Ugiriki. Baadhi ya kampuni zilitajwa kufaidika na magendo ya kuvuka vikwazo vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Yugoslavia. Vikwazo viliposimamishwa mwishoni mwa 1995, chanzo hicho kikakauka. Badala ya kupunguza malipo, zikapandisha ahadi ili fedha ziendelee kuingia. Mwaka 1996 zikajitokeza nyingine zisizo na biashara yoyote: Sude iliahidi maradufu kwa miezi miwili, Xhafferri mara tatu kwa miezi mitatu. Watu wakauza nyumba, na wakulima wakauza mifugo yao.

Sude iliacha kulipa Novemba 1996. Kufikia Machi 1997 maghala ya silaha yalikuwa yamevunjwa, serikali imepoteza udhibiti wa kusini, na watu kama 2,000 walipoteza maisha katika machafuko ya mwaka huo. Jeshi la mataifa kadhaa likiongozwa na Italia liliingia Aprili, na uchaguzi wa Juni ukaiondoa serikali madarakani.

11. Kwa nini serikali hazikuzuia mapema?

Kwa sababu hesabu ya kisiasa imepinda. Piramidi ikiwa ndogo hakuna anayeiona kuwa hatari. Ikiwa kubwa, kuifunga ni kuwafilisi wapiga kura kwa mkono wako mwenyewe. Albania ilikuwa na uchaguzi wa wabunge Mei 1996 na wa serikali za mitaa Oktoba, na baadhi ya kampuni zilikuwa karibu na chama tawala. Juu yake kulikuwa na mabishano kuhusu nani hasa mwenye mamlaka: je, hizi zilikuwa benki zinazohitaji leseni, au watu binafsi wanaokopeshana? Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia walionya, lakini onyo liliikuta nchi nzima imeshaingia.

Urusi ilitoa kioja chake. Mavrodi alikamatwa Agosti 1994, na Oktoba wapiga kura wakamchagua kuwa mbunge, akapata kinga. Wengi wa waliomchagua walikuwa wamepoteza fedha kwake. Hawakuwa wajinga: mtu pekee aliyeahidi kuwalipa alikuwa yeye.

## Maswali yenye utata

12. Kama ni suala la nchi zinazobadilika, mbona Bernard Madoff alifanikiwa New York?

Pingamizi hili lina haki yake, na jibu lake ni kwamba mazingira tofauti huzaa umbo tofauti. Madoff, msimamizi wa uwekezaji aliyeendesha mpango wa Ponzi, hakuahidi maradufu. Aliripoti faida ya wastani wa kama asilimia 10 kwa mwaka, bila kuyumba mwaka hata mwaka, kwa wateja waliojiona wamebahatika kupokelewa. Katika soko lenye wasimamizi na wahasibu, kilichouzwa kilikuwa utulivu. Mchambuzi wa fedha Harry Markopolos aliwapelekea wasimamizi wa masoko mahesabu yake kuanzia mwaka 2000, hayakuzaa kitu.

Kilichomwangusha Desemba 2008 ni msukosuko wa fedha: wateja walitaka fedha zao kwa pamoja. Taarifa za wateja zilionyesha dola bilioni 65 hivi ambazo hazikuwapo. Kwa hiyo mabadiliko ya uchumi yanahusika hapa pia, ila katika mwisho wa hadithi. Neema ya muda mrefu huficha piramidi kwa sababu hakuna anayehitaji kutoa fedha zake.

13. Biashara za kuuza bidhaa kwa mtandao wa watu ni piramidi?

Zote, hapana. Nchini Marekani mpaka ulichorwa na maamuzi mawili ya tume ya biashara, moja la 1975 kuhusu kampuni ya Koscot Interplanetary na jingine la 1979 kuhusu Amway. Kwa ufupi: kipato kikitokana na kusajili watu badala ya kuwauzia bidhaa watumiaji wa mwisho, hiyo ni piramidi. Bidhaa iliyojaa nyumbani kwa wauzaji wenyewe haijauzwa kwa mtumiaji.

14. Na mifuko ya pensheni, au benki? Nazo hulipa wa zamani kwa fedha za wapya.

Benki ina mikopo inayorejeshwa na riba. Mali yake inaweza kukaguliwa. Mfuko wa pensheni unaolipa wastaafu kwa michango ya wafanyakazi husema hivyo waziwazi, michango ni ya lazima kisheria, na viwango vinaweza kurekebishwa. Jamii ikizeeka mfuko huo hubanwa kweli. Lakini unahitaji uchumi ukue kwa kasi ya kawaida, hauhitaji maradufu kila baada ya miezi mitatu.

15. Sarafu za kidijitali zimeleta kitu kipya?

Zimeleta upya wa mazingira. Teknolojia mpya hufuta kipimo cha kawaida kama mapinduzi ya kisiasa yanavyofanya (swali la 5): hakuna anayejua faida ya haki ni ipi, na waliotajirika kweli wapo na wanaonekana. OneCoin ilikusanya mabilioni kwa "sarafu" isiyokuwa na daftari la pamoja la miamala ambalo sarafu halisi za aina hiyo huwa nalo. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017. MMM nayo ilifufuka mtandaoni: nchini Nigeria iliahidi asilimia 30 kwa mwezi wakati uchumi ukiwa umenywea, kisha Desemba 2016 ikazuia malipo.

16. Kampuni ina majengo na maduka ninayoyaona kwa macho. Bado inaweza kuwa piramidi?

Ndiyo. VEFA ya Albania ilikuwa na maduka na shughuli halisi. Swali ni kama shughuli hizo zinatosha kulipa kilichoahidiwa. Jengo linaloonekana linaweza kuwa limenunuliwa kwa amana zako.

17. Nikiingia mapema na kutoka mapema, nina kosa gani?

Tatizo la kwanza ni kwamba "mapema" haionekani ukiwa ndani. La pili, anayelipwa kama alivyoahidiwa mara nyingi hurudisha fedha ndani, na zaidi ya zile za awali. La tatu ni la kisheria: katika ufilisi wa Madoff, waliotoa zaidi ya walichoweka walidaiwa warudishe ziada, hata wale ambao hawakujua chochote. Fedha hizo zilikuwa za watu wengine.

18. Viongozi wa piramidi husema: "Serikali isingeingilia, tungelipa." Je, ni kweli?

Mfuatano wa matukio Albania unakanusha. Sude iliacha kulipa yenyewe Novemba 1996. Serikali ilizuia akaunti za Xhafferri na za kampuni nyingine ya aina hiyo, Populli, mwezi Januari 1997. Punje ya ukweli iliyomo ni kwamba kufungwa huharakisha mwisho, na kuna watu ambao wangelipwa wiki hiyo. Wangelipwa na wale wa wiki iliyofuata.

19. Fedha hurudi?

Mara chache, na kwa sehemu. Kwa Madoff msimamizi wa ufilisi amekusanya zaidi ya dola bilioni 14 kati ya takribani 17.5 za mtaji uliopotea, na hilo liliwezekana kwa sababu fedha zilipita katika benki zenye kumbukumbu na baadhi ya waliofaidika walikuwa matajiri wa kudaiwa. Albania waweka amana walipata sehemu ndogo tu. Madai huangalia ulichoweka ukitoa ulichochukua. "Faida" iliyoandikwa kwenye taarifa haihesabiwi. Kwa hiyo stakabadhi, ujumbe wa simu na rekodi za kutuma fedha vihifadhiwe hata kama vinaaibisha. Na atakayepiga simu baadaye akiahidi kukurejeshea fedha zako kwa ada ya kulipwa kwanza, huyo amepata jina lako katika orodha ya waliokwisha kulizwa.